Nimekatwa hela ya maziwa! Yaani MAZIWA! Wa tenka za asidi njooni hapa

Wakuu, naandika nimesimama, maana nikikaa nitavunja kiti cha watu. Nimetoka ofisini kwake sasa hivi, hata jasho halijakauka. Yule mzee wa yadi ya geti la bati, mnamjua. Kama umewahi kuendesha chochote chenye tairi zaidi ya kumi kati ya Dar na Tunduma, unamjua. Anavaa miwani miwili, mmoja machoni mmoja kichwani, na yote miwili haijawahi kuona jasho la mtu. Simtaji.

Amenikata hela ya maziwa.

Kwa wasiojua: sisi wa asidi, gari likitoka Dar linatoka na katoni la maziwa ya pakiti, yale yasiyohitaji friji. Ukipakia unakunywa moja, ukishusha unakunywa moja. Ni imani ya viwandani tangu enzi za wazee, kwamba maziwa yanasafisha sumu kifuani. Unapewa, unakunywa, unapanda gari. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna daftari linaandikwa kama duka la Mangi.

Mimi nina leseni daraja E na miaka sita ya kubeba saruji na mbolea. Watu wakanijaza, "kemikali ndiko kwenye hela". Nikajilipia mwenyewe mafunzo ya Mkemia Mkuu ya kusafirisha kemikali, nikapata cheti, nikakitia laminesheni. Nikaingia. Mwezi wa kwanza nimekaa kiti cha pembeni namtazama dereva mwenyeji akiendesha, mshahara hakuna, "unajifunza". Mwezi wa pili na wa tatu nusu mshahara, "uko kwenye matazamio". Sijui walikuwa wananitazamia wapi, maana mimi nilikuwa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, siku kumi na moja kwenye foleni, napika ugali chini ya tela mpaka paka wa mpakani akaanza kuniita baba.

Kazi yenyewe ni kupakia Chingola, Zambia, kwenye mitambo ya kuyeyusha shaba, na kushusha migodini Kolwezi, Kongo. Asidi ya salfa, asilimia 98. Lita moja ina karibu kilo 1.84, ndiyo maana tenka letu linaonekana kijitenka. Vijana wa mafuta pale Chililabombwe wanatuuliza kama ni la kuogea. Lita 16,000 tu, tayari ni tani karibu 30! Na ile kitu si saruji. Saruji ukishika breki inasimama na wewe. Asidi inasimama baadaye. Gari limeshatii, umeshapumua, halafu mzigo unakuja kukusukuma mgongoni kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Vifaa vya usalama: glavu jozi moja, watu wawili. Mimi wa kulia, mwenyeji wa kushoto. Tulikuwa tunafungua koki kama maharusi wanaokata keki. Buti nimepewa namba 10, navaa 7. Aproni ina tobo la ukubwa wa sahani, kingo zake nyeusi. Nikauliza aliyeivaa kabla yangu yuko wapi. "Aliacha kazi."

Yote hayo nilimezea. Sasa leo.

Nimeitwa dirishani kwa mhasibu. Anasoma bila kuniangalia. "Posho ya mileji, safari nne. Toa dizeli iliyopungua. Toa faini ya mizani." Faini ya mizani! Mimi ndiye niliyejipakia? Nikanyamaza. "Toa maziwa, pakiti nane." Nikamwambia dada, hebu rudia. Akarudia kwa sauti, na mafundi tairi nje wakaacha kupiga nyundo. Pakiti nane, elfu mbili mbili, shilingi 16,000. Yaani shilingi moja kwa kila lita ya asidi inayoingia kwenye tenka letu.

Nikaenda kwa mzee mwenyewe. Alikuwa anakula embe. Shikamoo mzee, marahaba. Mzee, hili la maziwa ni kweli? Hakuinua kichwa. Akalamba kidole gumba, akalamba na cha shahada, akasema:

"Kwani ulikunywa au hukunywa?"

ULIKUNYWA AU HUKUNYWA.

Wakuu, mimi nabeba mzigo ambao ukinidondokea suruali inatangulia kuondoka kabla yangu. Nimelala Kongo mlango nimeufunga kwa mkanda. Nimevaa glavu ya mkono mmoja kama mwanamuziki wa kizamani. Halafu ulikunywa au hukunywa! Na embe mkononi. Tena dodo. Hata kipande hakunikaribisha.

Wa yadi ile mliopo humu semeni, na nyie mmekatwa?

Tela Tupu: Umeandika gazeti zima, mkuu. Sasa ulikunywa au hukunywa?

Bin Mizani: Hata mimi nimesoma mpaka chini, swali la mzee halijajibiwa.

Mleta mada: NILIKUNYWA! Sasa? Nilitakiwa niyaogee?

Tela Tupu: Basi ni deni hilo. Uzi ufungwe.

Chuma cha Kitonga: Wewe shukuru umekatwa ulichokunywa. Sisi wa mafuta tunakatwa ambacho hakuna aliyekunywa. Petroli unapakia Dar jua la saa nane, unashusha Makambako alfajiri, baridi ile inayong'ata masikio. Imesinyaa yenyewe! Wanapima kwa kijiti, imepungua, wanakuangalia mdomoni. Mwezi uliopita nimelipa shoti, yaani huo upungufu, mpaka mke akaniuliza kama nina mwanamke mwingine anaitwa Shoti. Na tangu ule moto wa Msamvu, Agosti 2019, nikipita Morogoro ananipigia simu kila dakika ishirini. Posho iko palepale.

Bin Mizani: Kusinyaa sawa, mkuu, ila kuna shoti nyingine huwa zinasinyaa kwenye madumu pale Chalinze.

Chuma cha Kitonga: Wewe ni polisi au mshirika wa biashara?

Mkemia wa Mtaani: Niwasaidie kidogo kabla hamjauana. Maziwa hayamkingi mtu na asidi ya salfa. Ikikurukia ni maji, mengi, yanayotiririka, papo hapo, nguo vua, na usiache kabla ya dakika ishirini, halafu hospitali. Na msije mkamwaga maji ndani ya asidi, inachemka na kukurukia usoni. Mleta mada, gari lenu lina maji ya dharura?

Mleta mada: Lipo dumu la lita 20.

Mkemia wa Mtaani: Dogo hilo. Ila linakaa limejaa muda wote?

Mleta mada: Mwenyeji huwa anaogea.

Tela Tupu: 😂😂😂 Nimeanguka kwenye daladala, konda ananiuliza kama nimelipa.

Mama Chapati Tunduma: Subirini kwanza. Wewe si yule mwembamba mwenye buti kubwa, unatembea kama bata? Chapati sita, maharage na chai mbili, tangu Februari. Ulisema "nikirudi, mama".

Mleta mada: Mama shikamoo, umenifananisha.

Mama Chapati Tunduma: Marahaba. Kwani ulikula au hukula?

Bin Mizani: MUNGU WANGU 😂

Tela Tupu: Mama apewe uenyekiti wa jukwaa leo hii.

Mleta mada: Mama njoo pembeni tuongee. Ila wakuu mnaona wenyewe, mtu ukilipwa nusu mshahara miezi miwili lazima ukope chapati. Lawama zote kwa yule mzee.

Mama Chapati Tunduma: Mzee hajawahi kula kwangu.

Mwana wa Malaba: Wabongo mnapenda kulia. Huku Malaba laini ya malori ikikataa kusonga unakaa hapo mpaka unajua majina ya watoto wa kila muuza mahindi. Mdosi wetu hajawahi kutupa hata chai ya strungi, na nyinyi mnaletewa maziwa kwa katoni?

Mleta mada: Tunaletewa kwa KUUZIWA, kaka. Soma uzi.

Mwana wa Malaba: Hata hiyo ya kuuziwa hatujaona.

Papa wa Likasi: Miye niko Likasi. Bashofere ba Tanzania tunabaonaka, banakunywaka maziwa kweli. Siye huku tunakunywaka Simba tu.

Jangwani Daima: Nani ametaja Simba humu? Hao hata wakipewa katoni la maziwa hawapati nguvu.

Bin Mizani: Imeanza. Mkuu, anasema bia.

Jangwani Daima: Bia au timu, zote zinamwagika dakika za mwisho.

Ticha Mkongwe: Sisi walimu je? Miaka kumi nimevuta vumbi la chaki, sijawahi kupewa hata maziwa ya mgando.

Tela Tupu: Kila uzi lazima mwalimu apite. Karibu, ticha, kaa karibu na dirisha.

Ticha Mkongwe: Na kichwa cha uzi kiandikwe "matenka". Wingi.

Chuma cha Kitonga: Kwani hayo maziwa ni ya wapi? Maana pakiti kwa 2,000 ni wizi. Kama ni ya Tanga angalau tuongee.

Bin Mizani: Tanga nani kakudanganya? Maziwa ni Njombe. Ng'ombe anakula majani yenye ukungu, wa Tanga anakula mchanga wa pwani.

Mama Chapati Tunduma: Nyote hamjawahi kunywa ya Tukuyu. Ukichemsha yanatoa utando mpaka unaweza kuutandika kama shuka.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Nimekatwa 16,000 na mtu anayekula embe mbele yangu.

Tela Tupu: Mada ni maziwa, mkuu. Tupo kwenye mada.

Chuma cha Kitonga: Fresh au mtindi? Mimi mtindi wa Njombe naukubali, ila Tukuyu fresh. Hapo sibishani na mama.

Bin Mizani: Mtindi na ugali wa dona halafu umalizie na parachichi. Achaneni na mambo ya pakiti.

Mshuka Igawa: Nipo Uyole hapa na gari tupu, kesho asubuhi nageuzia Tukuyu kuchukua ndizi. Kama kuna mtu wa Dar anataka maziwa aseme sasa hivi niweke madumu. Nalipwa kabla, sikopeshi, nimeshasoma uzi huu.

Mama Chapati Tunduma: Hapo umesema, mwanangu.

Chuma cha Kitonga: Niwekee kumi.

Mleta mada: Lita bei gani?