Mrejesho: Mzee aliyegoma kutoka nje tangu astaafu

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu mzee wangu, tangu astaafu ualimu anashinda chumbani, chakula anadonoa tu, anasahausahau, ndugu wakasema uzee huo. Tumempeleka hospitali, wakapima damu, sukari na tezi ya shingo, vyote freshi, daktari akasema ni sonona (depression, ugonjwa wa huzuni kali), na kwa wazee inaweza kuja kama usahaulifu na maumivu ya mwili badala ya machozi. Halafu sikio moja halisikii vizuri, ndo maana kijiweni alikuwa anaitikia tu "eeh eeh" mpaka akaacha kwenda. Kaanza dawa, zinachukua wiki kadhaa kukolea, na anaongea na mshauri. Saa hizi jioni yuko kwenye bao, juzi kagombana na mtu kisa kete, bi mkubwa kafurahi balaa. Kifaa cha sikio bado tunajichanga, bei yake acha tu.