Stenti ya dingi imeziba mwezi wa tano tu tangu awekewe, atarudi kawaida kweli?

mtoto_wa_mwisho: Wakuu habari. Dingi alipata shambulio la moyo akawekewa stenti (kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi), akarudi vizuri mpaka tukasahau. Juzi alfajiri kaamka shati lote limelowa jasho, anasema kifua kinambana kama siku ile ile, kumfikisha hospitali wanasema damu imeganda ndani ya stenti yenyewe. Wamezibua, yuko wodini, eko (kipimo cha picha ya moyo) inasoma EF 35, yaani kila pigo moyo unasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyomo. Kuna aliyepitia hili? Mtu anapona au ndo tujiandae?

Sista_Zamu: Pole mdogo wangu. Nafanya wodi ya moyo, sikufichi. Hii haiwapati wengi, mwaka wa kwanza hawafiki 2 kwa 100, ila ikimpata mtu ni mbaya kuliko shambulio la kawaida, vifo vinatajwa 20 hadi 45 kwa 100 na siku za mwanzo ndo mbaya zaidi. Hiyo EF 35 isiwavunje moyo, misuli ikikosa damu inazubaa halafu sehemu yake inaamka taratibu, ndo maana eko inarudiwa baada ya wiki 6 hadi 12. Ikigoma hapo hapo au ikashuka ndo wataongelea kifaa cha kushtua moyo. Maumivu yalianza mpaka kuzibuliwa ilipita muda gani? Na dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, alikuwa anakunywa zote mbili?

mtoto_wa_mwisho: Kama masaa mawili hivi. Dawa ndo utata, jana nimepekua koti lake nimekuta karatasi ya klopidogreli, vidonge kumi vyote vimo. Bi mkubwa anasema fizi zilikuwa zinatoka damu akipiga mswaki, akabaki na aspirini tu kimya kimya.

Jabali77: Achaneni na vidonge, kitunguu saumu asubuhi na jioni kinatosha.

Sista_Zamu: Jabali, ushauri kama huu ndo unatujazia wodi. Mtoto, masaa mawili si mabaya kabisa. Baada ya shambulio hizo dawa mbili kwa kawaida ni miezi 12, fizi zikitoka damu anapigiwa daktari wa moyo, hata wa meno akisema acha bado unampigia wa moyo kwanza. Wakimtoa klopidogreli wakamhamishia tikagrelo, nayo ya kuzuia damu kuganda, ni mara mbili kwa siku, wekeni alamu. Na angalia kama anatumia omeprazoli, ile dawa ya asidi tumboni, inapunguza nguvu ya klopidogreli, mbadala upo.

babu_stenti: Mkuu usimtupie mzee lawama zote. Mimi nilikuwa nameza kila siku na ikaziba, walipoingiza kamera ndogo kwenye mshipa wakakuta stenti haikutanuka vizuri, haijagusa ukuta, wakaitanua kwa puto. Waulize kama walichungulia, maana ikishaziba mara moja inaweza kurudia. Mwaka wa nne huu napanda ngazi zangu, mbio tu ndo sina.

mtoto_wa_mwisho: Asanteni sana. Omeprazoli ipo, nimeikuta kwenye droo, kesho raundi naibeba na hilo la kamera nauliza. Dingi mwenyewe kashaanza kugombana na manesi, anataka akaoge mwenyewe.