Sindano za Kichina kwa soriasisi: nimpeleke mdogo wangu?

UmmuSalma_Kisauni: Asalaam aleikum wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka na magamba, tangu yuko sekondari. Ilianza viwikoni na magotini, sasa imepanda kichwani, magamba yamwanguka mabegani. Msikitini hukaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango, maana watu wadhani yaambukiza. Marhamu ya hospitali humpa nafuu, akiacha yarudi. Shangazi ametuelekeza kwa mtu wa akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, huko Nyali, yeye alimtibu mgongo. Lakini huyo bwana asema kwanza aache dawa zote. Je, kuna aliyetibiwa ngozi kwa sindano? Naumia kumwona hivi.

Baharia_Likoni: Aleikum salaam dada. Mimi nina pumu ya ngozi (ekzema). Nilidungwa, na sikufichi, kuwashwa kulipungua nikapata usingizi. Ila ngozi yenyewe haikutengemaa mpaka niliporudia marhamu.

NesiMstaafu: Mwanangu, nimefanya kazi kliniki ya ngozi miaka mingi, nisikilize kwa makini. Pumu ya ngozi si soriasisi. Kwa pumu ya ngozi, kuna majaribio madogo, mengine ya Ujerumani, yaliyoonyesha sindano hupunguza mwasho. Kwa soriasisi ushahidi ni hafifu, tena kuna hatari ya peke yake: ngozi ikijeruhiwa, palepale huweza kuota baka jipya. Daktari Heinrich Köbner aliieleza hali hiyo karne ya 19, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Haimpati kila mgonjwa, lakini muulize mdogo wako: akijikuna au akikatwa na wembe kinyozini, baka hutokea hapo? Kama ndiyo, asidungwe.

Na habari ya kuacha dawa, hapana, hapana! Hasa kama anakunywa vidonge vya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili: ukivikata ghafla, ugonjwa unaweza kulipuka mwili mzima, hata kwa vipele vya usaha. Katika soriasisi, kinga ya mwili ndiyo inayoiharakisha ngozi kukua. Seli ambazo kwa mtu mzima wa afya huchukua takriban mwezi kufika juu, kwa mwenye soriasisi hufika kwa siku chache. Sindano haijathibitishwa kuzuia hilo. Akishikilia kwenda, basi sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yake, kwa sababu sindano iliyokwisha tumika huweza kuambukiza homa ya ini aina ya B. Na zisiguse mabaka.

Kijana_wa_Majengo: Msikimbilie pia zile krimu za kuchanganya zisizo na lebo. Nyingine zina steroidi kali.

BintiMakadara: Mamangu humpaka babangu mafuta ya nazi kichwani usiku, asubuhi magamba yatoka kwa kitana bila kukwaruza. Na jua kidogo la asubuhi humfaa, ila asiungue.

UmmuSalma_Kisauni: Allah awalipe. Nesi, nimemuuliza. Kweli, alipokatwa wembe shingoni baka liliota papo hapo. Pia asema vidole vyamkaza akiamka, kimoja kimevimba chote.

NesiMstaafu: Akiamka vyakaza kwa muda gani?

UmmuSalma_Kisauni: Kama saa nzima, asema.

NesiMstaafu: Hiyo yaweza kuwa soriasisi imeingia viungoni. Kiungo kikishaharibika hakirudi. Pesa ya sindano iweke ya daktari, mpeleke wiki hii, na umwambie habari ya vidole kabla ya habari ya ngozi.