Tupeane uzoefu: Mliofika mlango wa mauti mkarudi, mliona nini? Mlisikia nini?

Binti wa Shela (Malindi)
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Miaka michache kabla hajafariki, baba yangu alianguka kwa maradhi ya moyo. Hospitalini mapigo yalipotea, madaktari wakawa wanamkandamiza kifua na sisi tumeshakata tamaa. Alipozinduka, Mungu amrehemu, swali lake la kwanza lilikuwa la sanda. Ami zangu walisimama nyuma ya pazia wakishauriana ikanunuliwe duka gani, na baba alitutajia nani alisema nini. Tangu hapo najiuliza, aliyekuwa akisikia yale alikuwa nani, na yuko wapi sasa? Naomba yaliyokupata mwenyewe au uliyoyashuhudia. Ya kuambiwa tuyaache.

Mvuvi wa Mayungu
Aleikum salaam dada. Kusi ilinikuta nje ya mwamba, mashua ikapinduka. Nilipigana na maji mpaka nguvu zikaniishia, na zilipoisha, hofu nayo ikaondoka. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Nikamwona babu, aliyenifundisha kutega malema, amekaa juu ya maji na kikoi chake. Hakuniita. Alinipungia mkono nirudi. Kilichofuata ni kutapika maji mchangani, wenzangu wamenizunguka. Huambiwa kwamba ni ubongo kukosa hewa. Huenda. Lakini nimeota ndoto nyingi na nimeugua malaria nikaweweseka, na lile halikufanana na hayo.

Mwana wa Marafa
Kwetu Giriama wafu hawajaondoka. Mzee akiwa wa Gohu, chama cha wazee wetu, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka, na mara nyingi hukidai mwenyewe kwa kuwajia watoto wake usingizini. Babu alimjia baba mara kwa mara, akilalamika kuwa amesahauliwa, na nyumbani maradhi hayaishi. Kigango kilisimikwa, tembo la mnazi likamwagwa, na ndoto zikakoma. Dawa za hospitali tulitumia pia, siwezi kulificha hilo. Lakini ndoto hazikuwa na dawa. Ndiyo maana vigango vilivyoibwa vikauzwa Marekani vilituuma sana. Viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudishwa kwa familia iliyoibiwa mwaka 2007. Wa huko ng'ambo walivinunua kama mapambo ya ukutani, na sisi tulikuwa tumeporwa wazee wetu.

Abu Salim
Kaka wa Marafa, naheshimu ya kwenu, ila sisi tuna mpaka. Qurani, Suratul Muuminun aya ya 100, inasema nyuma yao waliokufa kuna barzakhi, yaani kizuizi, mpaka siku watakayofufuliwa. Lakini kusikia ni jambo jengine. Hadithi iko katika Bukhari kwamba maiti husikia vishindo vya viatu vya waliomzika wanapoondoka. Na Mtume (s.a.w.) alipowasemesha maadui waliouawa katika vita vya Badri akasema wanasikia, mkewe Bi Aisha aliichukua kauli ile kwa maana nyengine. Kwa hivyo hata masahaba walilijadili hili, na mimi sioni vibaya tukilijadili. Nilipomzika mdogo wangu nilibaki kaburini baada ya talakini, yale maneno anayokumbushwa maiti akishazikwa. Sikuweza kuondoka, nikijua huenda ananisikia nikiondoka.

Nesi wa Barani
Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na hadithi kama ya baba yake Binti nimeisikia zaidi ya mara moja. Moyo ukisimama, umeme wa ubongo unaopimwa juu ya kichwa hupotea ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ndipo swali linapokuwa gumu. Mwaka 2014 daktari Sam Parnia na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliosimama moyo huko Uingereza, Marekani na Austria. Walikuwa wameweka picha kwenye rafu karibu na dari, zionekane na atakayeutoka mwili wake. Hakuna aliyeziona. Lakini mgonjwa mmoja alieleza yaliyotendeka chumbani wakati moyo wake umesimama, na yalilingana na kumbukumbu za hospitali. Uchunguzi wao wa 2023 ulikuta dalili za ubongo kufanya kazi kwa baadhi ya wagonjwa hata karibu saa nzima tangu waanze kukandamizwa kifua. Mimi naona ubongo unachelewa kuzima kuliko tulivyofundishwa. Kama kuna kinachobaki ukishazima kabisa, vipimo hivyo havifiki huko, kwa sababu wote walioulizwa walirudi.

Mama Salma
Nimeandika hapa nikafuta, nikaandika tena. Nilivuja damu nilipojifungua Salma na moyo ukasimama. Sikuona nuru, sikumwona marehemu mama, sikusikia kitu. Ni kama muda ulikatwa ukaungwa. Nimelia sana kwa hilo. Mimi naswali, nafunga. Mbona wengine walipokelewa na mimi nikakuta patupu?

Nesi wa Barani
Mama Salma mpenzi, usijihukumu. Uholanzi mwaka 2001 daktari Pim van Lommel alichapisha habari za wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama. Waliokumbuka chochote ni 62. Waliobaki, 282, ni kama wewe, na imani ya mtu haikuwa kipimo cha nani akumbuke. Kutokukumbuka si sawa na kutopokelewa. Dawa za usingizi peke yake hufuta mengi.

Na mnaouguza, semeni na wagonjwa wenu. Uchunguzi wa Vancouver, Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, ulipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakifariki, hawajibu lolote, na baadhi yao ubongo bado uliitikia sauti. Wodini kwangu hakuna anayezungumzia sanda mbele ya mgonjwa.

Mama Salma
Shukran dada. Mume wangu alinisomea Yasini usiku ule wote. Huniuliza kama nilimsikia na mimi humjibu ndiyo. Leo nitamwambia kweli.

Binti wa Shela (Malindi)
Mwambie, mamangu. Na ukipenda, rudi utupe habari. Mvuvi, babu yako alikuwa na sura ya uzeeni au ya ujana? Baba alisema aliowaona wote walikuwa vijana.