Gari likiungua ndani ya waranti, tuanze kwa muuzaji au kwa bima?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, nawaletea hoja ambayo huzuka kila gari jipya linapowaka moto, kisha huachwa hewani. Mtu amenunua gari kwa wakala rasmi, amepewa waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, na amelikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari la mwenyewe, kwa sababu benki iliyomkopesha ilitaka hivyo. Mwaka wa pili moto unaanzia kwenye injini na gari linateketea. Wapo wanaoshikilia kwamba gari changa lililowaka lenyewe ni mzigo wa aliyeliuza, na kwamba kukimbilia bima ni kumsitiri mwenye kosa kwa fedha za wakata bima wengine. Wapo wanaosema kwamba bima ilikatwa kwa ajili ya siku kama hiyo, basi na ilipe. Mimi nasimama na hawa wa pili, ila kwa sharti moja: mabaki ya gari yasiuzwe wala yasifunguliwe kabla pande zote mbili hazijayakagua.

Sababu yangu ya kwanza imo ndani ya kitabu cha waranti chenyewe, ambacho wengi wetu hukiacha kwenye droo ya dashibodi bila kukisoma. Waranti huahidi kutengeneza au kubadilisha kifaa kilichoharibika kwa ubovu wa kiwandani. Kwa kawaida haiahidi kulipa thamani ya gari, na mara nyingi hutamka wazi kwamba hasara zinazotokana na ubovu huo hazimo. Kwa hiyo anayeanza kwa muuzaji hubebeshwa kazi ya kuonyesha kwamba bomba fulani la mafuta au waya fulani ulikuwa na kasoro tangu kiwandani, ilhali huenda bomba na waya huo ndivyo vilivyoungua kwanza. Bima ya moto haimwulizi hayo. Inauliza kama bima ilikuwa hai, kama moto ulitokea kweli, na kama mteja hakuuwasha mwenyewe wala hakuficha jambo alipokuwa akijaza fomu.

Hebu tuutazame ukaguzi wenyewe. Fundi wa muuzaji anafika, anainua kilichobaki cha boneti, na karibu na betri anakuta waya wa kifaa cha kufuatilia gari umeungwa kwenye waya mkuu kwa selotepu nyeusi, bila fyuzi. Anaandika kwamba umeme wa gari ulichezewa nje ya karakana iliyoidhinishwa, na waranti inaishia hapo, hata kama moto ulianzia upande wa pili wa injini. (Kichekesho ni kwamba mara nyingine kifaa hicho hufungwa kwa agizo la benki au la kampuni ya bima yenyewe.) Wanaofunga mfumo wa gesi asilia, ambao sasa si wachache Dar es Salaam, wako katika hatari hiyo hiyo mbele ya muuzaji. Mbele ya bima, aliyeyataja mabadiliko hayo wakati wa kukata au kuhuisha bima amejikinga, na aliyenyamaza amewapa sababu ya kumkatalia.

Sababu ya pili ni mkopo. Marejesho ya kila mwezi hayasubiri ripoti ya mtaalamu atakayetumwa na kiwanda. Bima ikilipa, benki huchukua chake kwanza na mwenye gari hupata salio kama lipo, lakini walau halipii tena gari ambalo limekuwa majivu.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeeleza vizuri njia iliyo rahisi kwa mtu mmoja, nami nauliza itakuwaje kwa wengine wenye gari la aina hiyo hiyo. Afrika Kusini ilipitia jambo hili kwa Ford Kuga zenye injini ya lita 1.6. Magari hayo yaliwaka moto moja baada ya jingine, na mtu mmoja alifariki ndani ya gari lake Desemba 2015, kifo ambacho kampuni ilibisha kwamba kilitokana na kasoro hiyo. Januari 2017, baada ya magari zaidi ya 30 kuungua, Ford iliyaita magari 4,556 yarudishwe kwa wakala, ikieleza kwamba maji ya kupoza injini yalikuwa hayazunguki ipasavyo, injini ikachemka, silinda hedi ikapasuka na oili ikavuja. Je, tungefika hapo kama kila mwenye Kuga angepokea hundi ya bima na kwenda kununua gari jingine? Wateja wale walimkabili mtengenezaji hadharani, na walikuwa na sheria ya kuegemea, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2008 ya nchi hiyo, kifungu cha 61, inamwajibisha mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na muuzaji kwa madhara ya bidhaa yenye kasoro bila mlalamikaji kulazimika kuthibitisha uzembe.

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamdai muuzaji bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inagusa usalama wa bidhaa na wajibu wa watengenezaji. Tatizo ni kwamba hatuzitumii, na ushauri wako utatufanya tuzitumie kidogo zaidi. Zaidi ya hayo, anayedai bima kwa kosa lisilo lake hupoteza punguzo lake la kutodai, yaani nafuu ya ada anayopewa mteja ambaye hajadai fidia, kisha hulipa ada kubwa zaidi mwaka unaofuata.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi upande wa madai ya bima, na naomba niongeze mambo mawili ambayo huwakuta watu wakiwa wamechelewa. La kwanza ni thamani iliyoandikwa. Mtu ana gari la shilingi milioni 70, analikatia bima kama la milioni 50 ili apunguze ada, kisha moto unazimwa mapema na hasara inakadiriwa kuwa milioni 14. Anategemea milioni 14, lakini kwa kanuni ya uwiano, yaani hasara hulipwa kwa sehemu ile ile ya thamani iliyokatiwa bima (hapa 50 kwa 70), analipwa milioni 10, kwa sababu alichagua mwenyewe kubeba sehemu iliyobaki.

La pili ni saini. Muuzaji akitaka kulinda jina lake anaweza kumwita mteja, akampa kifuta jasho na kumtolea karatasi inayosema kwamba mteja hana dai lingine lolote. Mteja anasaini kwa furaha. Kampuni ya bima ikishalipa fidia hurithi haki ya mteja ya kumdai aliyesababisha hasara, na hapa mteja ameiuza haki hiyo kwa fedha kidogo bila kuijulisha kampuni. Kampuni ina sababu ya kukataa kumlipa, na mimi siwezi kuilaumu.

Mchangiaji wa tatu

Mnajadili gari la wakala rasmi, ilhali magari mengi yetu yameletwa yakiwa yametumika Japani. Waranti ya mtengenezaji haipo, ya yadi ni ya miezi michache kwa injini na giaboksi, na wengi wana bima ndogo ambayo hailipi gari lao wenyewe hata senti. Kwa hao, mjadala huu unaanza baada ya mlango kufungwa.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Mchangiaji wa tatu amesema kweli, nami sina la kumpa zaidi ya kumkumbusha kwamba kati ya bima ndogo na bima kubwa ipo bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Kwa mchangiaji wa kwanza, haki aliyoieleza mchangiaji wa pili ndiyo jibu langu. Bima kulipa kwanza hakumwachii mtengenezaji, mradi kampuni ya bima iamke na kumdai, nayo ina wanasheria na wataalamu ambao mwenye gari mmoja hana uwezo wa kuwaajiri. Deni hupanda mpaka kwenye chanzo. General Motors ilipoziita Chevrolet Bolt zote mwaka 2021 kwa sababu ya betri zilizoweza kuwaka moto, gharama haikuishia kwake, kwani LG iliyotengeneza betri hizo ilikubali kurudisha hadi dola bilioni 1.9. Na kile ambacho bima haikulipa, kama sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe na mali iliyokuwa ndani ya gari, mwenye gari bado anaweza kumdai muuzaji, kwa sababu kinachokatazwa ni kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile.

Haya yote huanguka iwapo mabaki yameuzwa kama vyuma chakavu wiki mbili baada ya moto. Ndiyo maana napendekeza Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iweke sharti kwamba gari lililoungua likiwa ndani ya waranti lisiuzwe mpaka muuzaji awe amepewa notisi ya maandishi na siku za kutosha za kulikagua, na kwamba ripoti ya mtathmini hasara apewe mwenye gari bila kuiomba. Asiyekuja katika muda huo asisikilizwe baadaye akidai kwamba hakupata nafasi. Wanaopinga waseme ni nani atalipa gharama ya kuyahifadhi mabaki hayo, maana hilo peke yake ndilo linalonitatiza.