Kadi ya CompactFlash kwenye 486: MS-DOS 6.22 haiwaki

Swali

Wanajukwaa, naomba msaada wenu. Nina kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 486 ambayo diski yake ya zamani imekufa, na mahali pake nimeweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya gigabaiti 4 kwa adapta ya IDE, yaani kiunganishi cha diski cha kompyuta za zamani. Niliifomati kadi hiyo kwenye kompyuta ya kisasa, kisha nikanakili humo mafaili yote ya MS-DOS 6.22, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft. BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, inaitambua, ila inasema ina megabaiti 504 tu. Baada ya hapo kistari kinamemeteka kwenye kona ya juu ya skrini na hakuna kingine kinachotokea. Je, kadi ni mbovu?

Jibu

Ndugu, kadi yako ni nzima. CompactFlash inaelewa IDE yenyewe, ndiyo maana adapta yake huwa ni pini na nyaya tu, tofauti na SD, ambayo huhitaji adapta yenye chipu ya kutafsiri. Megabaiti 504 ni ukomo wa BIOS nyingi za enzi hizo, ambazo hupima diski kwa silinda, vichwa na sekta: silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63 za baiti 512, yaani baiti 528,482,304 na si zaidi.

Kuhusu kutowaka, huenda kompyuta ya kisasa imeifomati kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski ambao ulikuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, na kwa hiyo MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994 haiujui. Hata kama ni FAT16, mfumo wa zamani ambao DOS inaujua, kunakili mafaili hakuandiki sekta ya kuwashia (ile yenye programu ya kuanzisha DOS), na mpangilio wa silinda na vichwa uliowekwa na mashine moja mara nyingi haulingani na ule unaotumiwa na BIOS ya mashine nyingine. Igawanye kadi ndani ya 486 yenyewe: washa kwa flopi ya DOS, futa patisheni (sehemu ya diski) iliyopo kwa FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, unda mpya, ifanye kuwa ya kuwashia, washa tena, kisha andika FORMAT C: /S, ambayo huifomati na kuweka mafaili ya kuwashia DOS. Umalizie kwa FDISK /MBR, amri ambayo wengi huisahau. Ndiyo inayoandika upya programu fupi ya kuwashia katika sekta ya kwanza ya kadi, ambayo FDISK ya kawaida huiacha ilivyo ikikuta imeshaandikwa nyingine.

Muulizaji

Ahsante sana, sasa inawaka hadi C:\>. Je, naweza kupata nafasi iliyobaki?

Jibu

Unaweza, kwa XTIDE Universal BIOS, BIOS ya ziada ya diski inayovuka ukomo ule, ambayo huchomwa kwenye chipu ya ROM na kuwekwa, kwa mfano, katika soketi ya kadi ya mtandao. Lakini MS-DOS 6.22 haivuki gigabaiti 2 kwa patisheni moja, na kwa ukubwa huo kila klasta, yaani kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho faili hupewa, inakuwa ya kilobaiti 32, hivyo faili la kilobaiti 1 linakula kilobaiti 32 nzima. Kwenye megabaiti 504 klasta ni kilobaiti 8. Programu za DOS zina mafaili madogo mengi mno, kwa hiyo mimi ningebaki na hizo 504, au ningegawa nafasi ya ziada katika patisheni kadhaa ndogo. Ukitaka kuhamisha mafaili, zima mashine kwanza ndipo uchomoe kadi, kwani adapta hizi hazikuundwa kwa kuchomolewa umeme ukiwa unapita.