Homurani ya mwisho kabla ya kustaafu: ni bahati au ni uamuzi wa mchezaji?

Mpenda_Besiboli

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kuna jambo katika besiboli ya Marekani ambalo ningependa tulijadili kwa makini. Mchezaji akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, yaani akapata homurani, katika zamu yake ya mwisho kabisa ya kupiga, kisha asishike gongo tena, watu humsifu kana kwamba alilipanga jambo hilo tangu mwanzo, ilhali hata mpigaji hodari huikosa homurani mara nyingi kuliko anavyoipata. Je, tumsifu kwa uwezo wake, au tuseme tu kwamba bahati ilikuwa upande wake? Naomba mifano ya kweli.

Gongo_la_Kale

Ndugu, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ted Williams wa Boston Red Sox. Tarehe 28 Septemba 1960, akiwa na umri wa miaka 42, alicheza dhidi ya Baltimore Orioles katika uwanja wa Fenway Park mbele ya watazamaji 10,454 tu, kwa kuwa timu yake haikuwa na la kugombania msimu ule. Katika kipindi cha tano aliupiga mpira ukaenda mbali, lakini ukadakwa karibu na ukuta. Katika kipindi cha nane alikabiliana na Jack Fisher, mrushaji wa miaka 21. Mpira wa kwanza ulikuwa mbaya, akauacha. Wa pili akauzungushia gongo akaukosa. Wa tatu ukavuka uzio wa upande wa kulia, na kuwa homurani yake ya 521. Alizunguka vituo vyote upesi huku kichwa amekiinamisha, akaingia kwenye banda la wachezaji, na ingawa watu walimshangilia wakimtaka atoke, hakutoka wala hakuwavulia kofia.

Kwa hesabu za maisha yake yote ya uchezaji, Williams alipata homurani moja katika takriban kila zamu 15, hivyo siwezi kukana kwamba bahati ilikuwapo. Lakini Red Sox walikuwa wamebakiza mechi tatu huko New York, naye hakwenda. Hapo ndipo ninapouona uamuzi. Mlinganishe na Babe Ruth, ambaye tarehe 25 Mei 1935, akiichezea Boston Braves mjini Pittsburgh, alipiga homurani tatu katika mechi moja, na ya tatu, iliyokuwa ya 714 maishani mwake, ikapita juu ya paa la jukwaa la kulia la Forbes Field. Ni mwisho gani ungekuwa mzuri kuliko huo? Hata hivyo aliendelea kucheza hadi tarehe 30 Mei bila kuongeza homurani nyingine, na wengi leo hudhani kwamba aliishia Pittsburgh kwa sababu wangependa iwe hivyo.

Msomaji_Makini

Nakubaliana nawe kuhusu Williams, ila naomba tusisahau kwamba wapo ambao hawakupewa nafasi ya kuamua. Mickey Cochrane, aliyekuwa mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji) na wakati huohuo meneja wa Detroit Tigers, alipiga homurani katika kipindi cha tatu dhidi ya New York Yankees tarehe 25 Mei 1937. Katika kipindi cha tano mpira wa Bump Hadley, mrushaji wa Yankees, ulimpiga kichwani ukamvunja fuvu, kwani wapigaji wa enzi hizo walivaa kofia za kitambaa tu. Aliponea chupuchupu, na hakucheza tena. Kwa kuwa mpigaji anayegongwa na mpira hahesabiwi zamu rasmi, kumbukumbu zinaonyesha kwamba zamu yake rasmi ya mwisho ilikuwa homurani. Kwa kweli huniuma kuona jina lake likiwekwa kwenye orodha ya waliomaliza kwa homurani bila maelezo, kana kwamba aliaga kwa furaha.

Mpenda_Besiboli

Nashukuru sana, ndugu zangu. La Cochrane limenigusa. Je, yupo aliyeaga kwa kupanga, na bado bahati ikamjia?

Kituo_cha_Tatu

Yupo Todd Zeile wa New York Mets. Alikuwa ametangaza kustaafu, na katika mechi yake ya mwisho, tarehe 3 Oktoba 2004, alirudi kucheza kama mdakaji, nafasi aliyoanzia miaka mingi nyuma. Katika zamu yake ya mwisho alipiga homurani dhidi ya Montreal Expos, timu ambayo nayo siku hiyo ilikuwa ikicheza mechi yake ya mwisho kabla ya kuhamia Washington. Siku ya kuondoka aliichagua mwenyewe. Homurani hakuna awezaye kuichagua.

Kwa upande wa bahati tupu, ningemtaja John Miller. Alipiga homurani katika zamu yake ya kwanza akiwa na Yankees mwaka 1966, na nyingine katika zamu yake ya mwisho akiwa na Los Angeles Dodgers mwaka 1969. Katika ligi kuu hakupata nyingine zaidi ya hizo mbili.